Jumapili Baba Alipotafsiri Vibaya

Enzi zetu ughaibuni, pale Walthamstow, nyumba nzima ilikuwa na televisheni moja, na ukitaka kubadilisha chaneli unainuka. Jumapili mchana, harufu ya mchuzi wa papa ikiwa bado imeganda kwenye mapazia, tulitazama filamu za Kiingereza za kale, zile za mwanzo mwanzo kutiwa sauti. Picha nyeusi na nyeupe, maneno yanakwaruza kama samaki kikaangoni. Mama alipenda za mapenzi na vichekesho. Kiingereza kilimpiga chenga, kwa hiyo Baba alimtafsiria, na chumvi akaongeza.

Jumapili ninayoikumbuka mimi, walikuwa hawajasemeshana siku tisa. Mama alikuwa amepata kazi ya usafi hospitalini, Baba akamkataza. Sanduku la Mama lilishafungwa. Saa kumi mdogo wake angekuja kumchukua, ahamie kwake Lewisham, upande wa pili wa jiji. Mimi na kaka yangu Nassor tulikaa katikati yao kwenye kochi, hata kukohoa tunaogopa.

Kwenye filamu, bibi mmoja tajiri amegombana na karani wa duka la kofia. Treni inaondoka naye. Karani anakimbia kandokando ya behewa, anapiga kelele.

"Anasemaje, Salma?" Mama aliniuliza mimi, si Baba.

"Anasema kwaheri."

Na kweli ndivyo alivyosema. Lakini Baba, macho kwenye televisheni, akasema polepole, "Sivyo. Anasema amekosea."

Mama hakugeuka. "Nani aliyekosea?"

Baba akamgeukia. "Mimi, Mama Nassor. Kazini nenda. Nimekosea."

Karani akajikwaa, akaanguka juu ya magunia ya barua. Nassor akacheka peke yake. Kengele ya mlango ikalia. Mama akainuka, nami nikafumba macho nisimwone akitoka.

Nikasikia sauti yake ukumbini: "Ingia, mdogo wangu, unywe chai. Siendi tena."

Leo wanangu kila mmoja yuko chumbani na simu yake, masikio yameziba. Ukiwaita kula wanajibu kwa Kiingereza kwamba wanakuja, na chakula kinapoa. Mimi na mume wangu tukinuniana, kila mtu ana chake cha kutazama. Kiingereza tunakijua sote wawili. Hakuna wa kumtafsiria mwenzake.