Nilivyomwonea Mokaya Wivu wa Kisiwa

Alasiri moja ya Februari haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa imepita zaidi ya miaka ishirini. Nilikuwa kazini katika nyumba ya kulelea wazee kule New Hope, Amerika, nikimfunika miguu mzee mmoja aliyeitwa Aksel. Nilikuwa nimemhudumia miaka miwili, nikimwogesha, nikimlisha, nikimnyoa ndevu. Kila siku alinishika mkono wa shati na kusema kwa pumzi fupi, "Hom. Nataka hom." Nami nilisikia neno la Kiingereza, home, yaani nyumbani, nikamjibu kama tulivyofundishwa kuwajibu wazee waliopotewa na kumbukumbu, "Ndiyo, mzee, tutaenda nyumbani baada ya chakula."

Siku hiyo Mokaya alikuwa akitandika kitanda cha jirani. Tulitoka naye Kisii, tukasoma darasa moja hadi kidato cha nne. Aliacha shuka, akainama karibu na mdomo wa mzee, akasikiliza.

"Bwana, huyu hasemi nyumbani. Anasema Bornholm. Ni jina la mahali."

"Mahali gani?" nikamtania, maana Mokaya shuleni ramani zilimshinda kabisa.

"Sijui. Wewe ndiye ulikuwa namba moja kwa jiografia."

Wiki iliyofuata alileta ramani kutoka maktaba, akaniwekea kidole katikati ya Bahari ya Baltiki. "Kisiwa kizima kimekukalia sikioni miaka miwili, na wewe unakiambia kingoje chakula." Wenzetu wa zamu wakacheka. Nami nikacheka, lakini kwa meno tu.

Tangu hapo mzee yule akafunguka. Alimwambia Mokaya kwamba kisiwa chao ni cha Denmark, ingawa kiko karibu zaidi na Uswidi. Kaskazini ni majabali yanayopigwa na mawimbi, kusini ni mchanga laini hata zamani watu waliujaza katika saa za mchanga. Kuna makanisa manne ya mviringo, meupe, yenye kuta nene, ambamo watu walisali na pia kujificha adui akija. Wafalme waliwahi kukitoa kisiwa kwa Uswidi, na mwaka ule ule wenyeji wakaasi, wakajirudisha wenyewe kwa Denmark. Vita vikuu vilipokwisha na Denmark nzima ikishangilia, wao walipigwa mabomu na Warusi kwa sababu kamanda wa Kijerumani aliyekuwa pale alikataa kusalimu amri kwao. Warusi wakakaa karibu mwaka mzima. Aksel alikuwa kijana wakati huo. Siku hizi, alisema, watu huenda huko kwa likizo, wanaota jua na kula samaki wa kukaushwa kwa moshi.

Hayo yote niliyasikia nikiwa mlangoni, nikijifanya napanga taulo. Mwanangu, niliona wivu. Mzee alikuwa wangu. Jiografia ilikuwa yangu. Nilipoingia mimi aliuliza, "Mokaya yuko wapi?" Nilianza kumnyoa kwa haraka, bila kuzungumza naye. Nyumbani mke wangu akilitaja jina la Mokaya, nilisukuma sahani.

Mwezi wa Aprili binti ya mzee akatangaza kwamba kiangazi atampeleka baba yake Bornholm mara ya mwisho, na kwamba atamlipia nauli mhudumu mmoja aende nao. Hakuna aliyeuliza ni nani. Chanda chema huvikwa pete, na mimi niliijua pete ile itavikwa kidole gani.

Kilichobaki ni daktari kuandika kwamba mzee ana akili timamu ya kusafiri. Daktari alitegemea daftari letu la zamu. Alhamisi nikaandika hivi: "Mzee amechanganyikiwa. Ameomba mara tano kupelekwa nyumbani. Hajui yuko wapi." Nilijua vizuri alichosema mara hizo tano. Ulimi hauna mfupa, wala kalamu haina.

Daktari alikataa. Binti aliogopa, akafuta safari. Mokaya alimweleza mzee taratibu, mara tatu, na mara ya tatu mzee akauliza, "Kwani nimefanya nini?" Mimi nilikuwa pale, nimeshika beseni. Mzee alifariki kabla theluji ya kwanza haijaanguka.

Baada ya mazishi tulisimama na Mokaya kwenye maegesho ya magari, nikamwambia yote. Hakunipigia kelele.

"Ulitaka kwenda?"

"Nilitaka usiende wewe."

Alifuta kioo cha gari kwa kiganja, muda mrefu. "Mimi singeenda. Makaratasi yangu hayajakamilika, nikitoka Amerika sirudi. Nilimwambia binti yake akuchukue wewe, maana wewe una kadi ya ukaazi, na unajua kumwogesha baba yake kuliko mimi. Alikuwa akuombe Jumapili."

Kisha akasema, "Lakini nisikudanganye, ndugu yangu. Mimi nimekusamehe yangu. Ya mzee siwezi kukusamehe, si yangu." Akaingia garini. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu nimemlea hadi uzee.

Mwanangu, unayefanya zamu mbili Bloomington au popote, nisikilize. Wivu utakujia, hata ukiwa mtu wa kusali. Ukikujia, usiuite haki, wala uangalifu wa kazi. Uite wivu, mwambie mtu mmoja unayemwamini, hata kama ni aibu. Ukiwa nao, usishike kalamu, usipeleke taarifa ya mtu kwa mkubwa wa kazi, usipige simu. Ngoja upoe. Na mwenzako akisikia kitu ambacho wewe hukukisikia, keti karibu naye, nawe usikie. Mimi nilikuwa hatua nne tu kutoka kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yao chumbani mle, nikachagua taulo.

Mungu akupe moyo usiohesabu kicheko cha mwenzio kuwa kilio chako. Akulinde na kalamu yako mwenyewe. Wazee utakaowashika mkono wakuombee mema kwa lugha zao, na wanao wakukute ukiwa na amani. Amina.