Mistari Yenye Kiuno

Kazi yangu ni cherehani. Nimepima matumbo ya watu wanaobana pumzi ili waonekane wembamba, nimepima mabega ya watoto wasiotulia, na nimewahi kumpima bwana harusi aliyekuwa amesinzia huku amesimama. Futi hainitoki shingoni. Mke wangu husema siku nikifa nitaamka kidogo, nilipime kaburi mwenyewe, kisha nilale tena. Wateja wananiita Fundi Futi. Nawaambia haya mapema ili mjue kwamba mnayekaribia kumcheka ni mtu wa vipimo.

Nyuma ya nyumba yetu, ukivuka uzio, kuna shamba letu la mahindi. Miaka yote tumegawana kazi: mimi napanda, mke wangu anapalilia. Mgawanyo huo niliupendekeza mimi, na mnaona wenyewe ulivyonikaa vizuri. Kupanda ni asubuhi moja au mbili, watu wanapita barabarani wanakuona, wanakuita mkulima. Kupalilia ni kuinama mpaka magugu yaishe, na magugu hayana haraka ya kuisha.

Msimu huu mgongo wake ukagoma. Daktari alimpapasa, akamwambia aachane kabisa na jembe. Akiendelea kuinama vile, ipo siku atalala na hatanyanyuka. Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni akasema, "Mahindi yakifika magotini na magugu bado yapo, naingia mwenyewe. Sitakaa dirishani kuangalia chakula cha watoto kinasongwa."

"Na daktari je?"

"Daktari hali kwetu."

Huyu namjua. Akisema anaingia, anaingia. Basi kesho yake nikalishika jembe mimi. Nilimaliza mstari mmoja, nikaanza wa pili, nikajilaza katikati yake kama mbegu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye shamba lake linapakana na letu, alinikuta natazama mawingu.

"Shemeji, umeshaanza kuota?"

"Napumzisha jembe."

"Jembe liko kule. Hapa naona fundi." Akanivuta mkono, nikainuka viungo vyote vikilia. "Sikiliza. Kanunue mashine ya kupalilia. Sisi bado tunahangaika na kwetu, hatutaweza kukusaidia mpaka mahindi yako yakupite urefu. Ingawa kwa kimo chako, hata hiyo si mbali."

Nikaenda duka la zana za kilimo. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mtulivu, miwani puani, mikono ina grisi. Akanionyesha mashine tatu. Moja ilikuwa ndefu kama kitanda cha watu sita, ya kufungwa nyuma ya trekta. Hiyo tuliipita kwa heshima. Ya pili ilikuwa nyekundu, ina injini na visu vya kuzunguka, unatembea nyuma yake umeshika mikono yake miwili. Ya tatu ilikuwa na gurudumu moja mbele na vijembe vidogo nyuma, ya kusukuma kwa nguvu zako mwenyewe. Ilifanana na toroli lililoibiwa beseni.

"Kutoka mstari hadi mstari, umeacha nafasi gani?" mama akauliza.

Nikacheka. "Mama, unamuuliza nani?" Nikaivua futi shingoni, nikaanza kuipima ile nyekundu. Upana, urefu, kimo cha mikono, unene wa tairi. Nilipima mpaka bomba la moshi. Wateja wengine wakasogea kutazama, na mimi, Mungu anisamehe, nikapima tena.

"Nauliza shamba," mama akasema. "Ulipanda kwa kamba?"

"Kwa jicho. Jicho la fundi."

"Hm," akasema. Ile "hm" niliisikia vizuri, nikaichukua kuwa pongezi. "Kama ni kwa jicho, ningekushauri hii ndogo. Ina kishikio hapa: ukikiminya, vijembe vinabanana, ukikiachia, vinatanuka, na wewe unaendelea kutembea. Hiyo ya injini upana wake ni mmoja, mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Inataka mistari iliyonyooka."

"Ndiyo maana naichukua."

"Haya, baba. Ila ijaribu leo leo. Ikikukataa, irudishe kabla haijachubuka, tutabadilishana."

Kusema kweli, hata mistari yangu ingekuwa ya mawimbi nisingelichukua lile toroli. Nilimfikiria shemeji akiniona nalisukuma, nikalipia ile nyekundu harakaharaka.

Mke wangu alitoa kiti, akakaa pembeni ya shamba. Nikawasha injini. Jamani! Mwanzo wa mstari ule ulikuwa raha tupu. Magugu yaliruka, udongo ukageuka mweusi mzuri, nami nikaachia mkono mmoja ili nimpungie shemeji. Nilipofika katikati nikasikia mlio, kachu, kachu, kachu, kama mtu anatafuna tango. Nikajiambia, kumbe magugu ya huku ni mabichi. Nikaendelea. Mwisho wa mstari nikageuka kujisifu, nikaona mahindi yamelala, moja baada ya jingine, kwa nidhamu.

Nikajaribu mstari mwingine. Kachu, kachu. Nikauingia wa tatu kutoka upande wa pili, nikidhani labda mashine haipendi jua usoni. Kachu.

Shemeji akaja ameshika tumbo. "Shemeji! Niambie ukweli, unapalilia au unavuna?"

Nikazima injini. Nikaivua futi, na kwa mara ya kwanza tangu niwe mkulima, nikapima shamba. Juu, nafasi ilitosha kabisa. Katikati, mistari ilikuwa imekaribiana hata ile mashine ingebana pumzi isingepita. Chini, ikafunguka tena, pana, inamwagika. Nikapima mstari wa pili, wa nne, ule wa mbali kabisa. Vilevile. Umbo lile nalijua, nalikata kila wiki: kifua, kiuno, na sketi ya kupanuka. Miaka yote hiyo nilikuwa nashona magauni ardhini.

Nikamfuata mke wangu pale kitini. "Mbona hujawahi kuniambia?"

"Nikuambie nini? Ulikuwa unapanda huku unaimba, watu wanakusifu. Na jembe la mkono halina shida. Mstari ukipinda, na wewe unapinda."

Alisema hivyo kwa kawaida tu, kama anayesema chai imepoa. Shemeji aliacha kucheka. Mimi nilibaki nimeshika futi, nikiutazama mgongo wake umeegemea kiti. Hakuna aliyewahi kuona mikunjo yangu kwa sababu kulikuwa na mtu nyuma yangu akiipiga pasi.

Yeye alikuwa ameshahama kwenye hayo. Alikuwa anayaangalia mahindi, ambayo yalikuwa yamekaribia sana kufika magotini.

"Tufanye hivi," akasema akijiandaa kusimama. "Wewe na mashine yako malizeni juu na chini. Zile sehemu za katikati niachieni mimi. Jembe liko wapi?"

Sijawahi kukimbia vile. Nililiwahi jembe kabla yake, nikalifunga juu ya mashine kwa kipande cha kitambaa cha mteja, nikaondoka na vyote viwili ili asibaki na cha kushika.

Mama wa duka alichomoa jani la mhindi kwenye visu, akaligeuzageuza. "Hm," akasema. Safari hii niliielewa yote.

"Na jembe nalo unarudisha?"

"Hapana. Nalificha."

"Nani anatafuta jembe?"

"Mke wangu. Mgongo wake mgonjwa, na mistari ni yangu."

Hakucheka, ingawa miwani ilitikisika. Akaliweka jembe nyuma ya kaunta, akanipa lile toroli.

Mashine hiyo ina kasoro moja: ukiwa umeinamia mikono yake unaisukuma, huoni mstari unaanzia kubana wapi. Mke wangu anaona. Alihamishia kiti katikati ya shamba, akafungua mwavuli, akawa ananipigia kelele kama mteja anayejaribu nguo.

"Kiuno hicho! Bana! Bana, baba!"

Nabana.

"Sketi! Achia!"

Naachia. Shemeji alikuja kutazama, akatafuta tusi la kufaa, akalikosa, akaenda kumletea dada yake maji. Mahindi yalifika magotini tukiwa kwenye mstari wa mwisho. Shemeji anasisitiza yalikuwa magoti yangu, ya watu wengine yalikuwa bado.

Nikaiegesha mashine kwenye uzio, jasho linachuruzika mpaka kwenye futi. Mke wangu akafunga mwavuli, akainuka bila kushika kitu, akapita taratibu kati ya mistari akikagua kazi. Karibu na shina moja akasimama. Gugu moja limebaki, bichi, limenyooka kuliko mstari wowote niliowahi kupanda. Akalinyooshea kidole cha mguu, akanitazama.

Nikainama mimi.