Sindano ya Kifundo cha Mguu

Mimi ni katekista wa kigango kilicho juu kwenye miteremko ya Uluguru, mbali na parokia. Padri hufika mara moja kwa mwezi. Jumapili nyingine ibada naiongoza mimi. Kifundo cha mguu wa kulia kilipoanza kuvimba, nilipanda kanisani kwa fimbo. Baadaye hata kwa fimbo nikashindwa, Jumapili mbili mfululizo. Nikajua nisipopata nafuu itanibidi niiache kazi hiyo.

Hospitali ya mjini ikanipangia siku ya kuchomwa sindano ndani ya kiungo. Asubuhi hiyo, kabla hatujateremka, mke wangu alichemsha majani ya mkaratusi akanikanda kwa kitambaa cha moto, kama tulivyozoea. Safari hii alizidisha bidii, nami nikavumilia nikidhani tunamrahisishia daktari kazi.

Daktari, binti wa rika la wajukuu zetu, alituamkia, akanivua soksi, akatazama.

"Babu, huu mguu umepikwa?"

"Nimeukanda tu, mwanangu," mke wangu akajibu. "Usije kwako umekakamaa."

"Bibi, hapa imebaki kutia chumvi."

Kisha akaeleza bila mzaha: ngozi ilikuwa na malengelenge, na sindano ikipita hapo ingeweza kuingiza vijidudu kwenye kiungo. Turudi baada ya wiki tatu, na kusiwe na kukanda.

Njiani nilimwambia mke wangu mguu ulikuwa wetu sote wawili, na kosa pia.

Tuliporudi hospitali baada ya wiki hizo, ngozi ilikuwa imepona. Daktari alipaka jeli ya baridi, akapitisha mashine ya altrasaundi, ileile ya kutazamia wajawazito.

"Wa kike au wa kiume?" mke wangu akauliza.

"Maji matupu, bibi."

Baada ya ganzi, niliiona sindano kwenye kioo cha mashine, mstari mweupe ukiingia polepole penye weusi, ndipo palipokuwa na maji ya uvimbe. Nilihisi kubanwa tu.

"Dawa hii inatuliza, babu, hairudishi kilicholika," alisema. "Nafuu itadumu pengine wiki chache, pengine miezi. Mlima usiuguse kwanza."

Nilitii. Nilipopanda tena nilichelewa sana kufika, na ibada niliiongoza nimekaa kwenye benchi. Padri alipokuja, nilimwambia nitaendelea kadiri mguu utakavyoruhusu, naye aanze kumwandaa mwingine. Kwa miezi hii niliyopewa, namshukuru Mungu.