Kitovu cha Sumaku

Zunilda Hinestroza alizaliwa Condoto, mkoa wa Chocó, tarehe 3 Mei 1961, kama kitabu cha ubatizo cha parokia kinavyoonyesha. Kitabu hakisemi kilichofuata: kitovu kilipodondoka, mama yake alimpaka pale unga wa jiwe la sumaku. Pande hizo mtoto hukua na tabia ya kitu alichopakwa kitovuni. Aliyepakwa sisimizi huwa mchapakazi. Zunilda, mzaliwa wa ukoo wa wasafisha dhahabu, alipakwa sumaku ili dhahabu imfuate.

Kosa lilikuwa moja tu. Sumaku haivuti dhahabu.

Miaka yote aliyochekecha mchanga wa mto kwa batea, sinia lao la mbao, dhahabu ilimpita kando. Chuma ndicho kilichomng'ang'ania. Mume wa kwanza alikuwa fundi wa kuchomelea, wa pili dereva wa katapila. Katikati yao alikuja sonara. Alikaa wiki moja, akaaga kwa adabu.

Sasa amepata mjukuu wa kwanza, msichana, na kitovu kimeanza kukauka. Zunilda anataka mtoto apakwe sumaku kama bibi yake. Bibi mzaa baba wa mtoto, Eneida Asprilla, anataka dhahabu, na hereni ya kukwangua ameshaivua.

Walikutana Jumamosi barazani kwa mzazi, Yarleidis, binti wa Zunilda, ambaye bado yumo ndani ya arobaini yake.

"Mkwe, usimrithishe mtoto mikosi," alianza Eneida. "Hiyo sumaku imekuletea nini zaidi ya misumari?"

"Imeniletea watoto watano. Wewe na dhahabu yako, hata mbwa hakufuati."

"Wako ana mnyororo wa chuma, ndiyo maana habanduki."

"Mtoto amelala," alisema Yarleidis. "Mama mkwe, si umekuja na mchanga wako wa mtoni wenye dhahabu? Umwage hapo. Dhahabu ikisogea, anapakwa sumaku. Isiposogea, hereni."

Eneida alimwaga mchanga juu ya jani la mgomba: mweusi kama masizi, na ndani yake chembe za njano na nyeupe. Zunilda aling'oa sumaku ya spika kwenye redio mbovu, akaifunga kitambaa, akaishusha polepole.

Mchanga mweusi uliruka, ukasimama kwenye kitambaa kama ndevu za mzee. Dhahabu haikutikisika.

"Hata salamu haijatoa," alisema Eneida.

Zunilda alikung'uta ndevu zile pembeni, akapitisha sumaku mara ya pili, chini zaidi. Alijua ameshindwa. Ilikuwa ni ubishi wa mikono tu.

"Mama, ngoja," alisema Yarleidis. "Hiyo nyeupe inakwenda wapi?"

Chembe moja ya platini ilikuwa ikijiburuta juu ya jani kwa uvivu, kama mtu aliyeitwa na mdai wake. Ilifika, ikanasa. Ya pili ikaifuata. Nyingine zilibaki zimelala pamoja na dhahabu.

Eneida aliinama akatazama. "Platini ya mto huu ina chuma ndani yake. Zenye chuma kingi ndizo zinazokwenda. Si uchawi huo."

"Nani kasema uchawi? Waume zangu nao walikuja kwa sababu ya chuma, na niliwapikia."

Hapo Eneida alicheka, kwanza kwa pua, kisha kwa tumbo.

"Mama mkwe," aliuliza Yarleidis, "platini ina thamani, au haina?"

"Inayo. Nani atakataa?"

"Na wewe mama, imeifuata sumaku?"

"Umeona mwenyewe."

Yarleidis aliibandua ile chembe ya kwanza kwa ukucha, akaifunga kwenye pindo la kanga ya mtoto. Eneida alivaa hereni yake.

Kitovu kitakapodondoka, Eneida ataikwangua chembe hiyo kwa tupa, na Zunilda ndiye atakayepaka unga wake.