Paa Jekundu Nililosema Limetoka Kiwandani

Hakuna kitu duniani kilichobaki cha kunishangaza mimi, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu sokoni Kebirigo mpaka wakachoka kunisikia, na nilikuwa na haki ya kusema hivyo, maana niliacha shule darasa la tatu, nikabeba ndizi kwa kichwa, ndizi zikaninunulia punda, punda akanifikisha kwenye kinu cha kusaga mahindi, kinu kikazaa shamba la chai (mnanielewa ninavyosema kinu kuzaa), na wakati wenzangu bado wanaezeka nyasi mimi nilikuwa na nyumba ya matofali, vyumba vitano, mabati mapya juu. Kwa hiyo ninapokiri hapa kwamba mtu kama mimi aliaibishwa na mkebe wa rangi mbele ya wakwe, naomba mcheke polepole.

Kijana wangu wa kwanza, Nyakundi, alikuwa amepata msichana wa upande wa Itumbe aitwaye Moraa, mwalimu, mwenye adabu zake. Baba yake Moraa ni Mzee Makori, mzee wa kanisa, Msabato kama sisi, mtu wa maneno machache ambaye kitu anakitazama mara mbili kabla hajakigusa. Na kwetu, kabla ng'ombe hawajatajwa, watu wa msichana huja kwanza kuona boma, waone binti yao atalala chini ya paa gani. Wakiondoka bila kusema watarudi lini, basi mambo yamekwisha. Nyakundi alikuja akasimama mbele yangu, akaniambia, "Baba, hawa wakikataa, mimi sitatafuta mwingine." Na huyo mtoto si wa maneno mengi, nikajua amesema kweli.

Sasa siku zile yalikuwa yameanza kuonekana mabati yanayotoka kiwandani tayari yana rangi. Kisii mjini kulikuwa na nyumba moja tu ya namna hiyo, nyekundu kama nyanya, watu wakipita wanapunguza mwendo. Mimi mabati yangu yalikuwa ya kawaida, meupe, lakini nikajiambia rangi ni rangi, nikaenda kwa Jayanti, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, tuliyejuana tangu nikiwa na punda.

"Mabati yako ya lini?" akaniuliza.

"Ya mwezi uliopita. Yanang'aa kama kioo."

"Basi hiyo ndiyo shida. Bati jipya limevaa zinki, na zinki mpya ikipakwa rangi ya mafuta haishiki. Osha kwanza grisi iliyoachwa na kiwanda, halafu paka hii rangi ya chini, ya zinki, ikauke, ndiyo upake nyekundu mara mbili. Ama ungoje mwaka mzima, mvua na jua vimalize kung'aa kwake."

"Mwaka? Wakwe wanakuja baada ya wiki tatu. Na wale wa kiwandani wanafanyaje?"

"Wanaosha kwa dawa, wanapaka ya chini, wanapaka ya juu, halafu wanachoma ndani ya oveni. Wewe una oveni, mzee?"

Nikaitazama ile rangi ya chini. Bei yake ilikuwa inaikaribia ile nyekundu yenyewe, na kazi yake ni kufunikwa, hakuna mtu atakayeiona mpaka Yesu arudi. Nikamwambia Jayanti, "Mimi sinunui shati la kuvaa ndani ya shati." Huo ndio uamuzi wangu mdogo, na yote yaliyofuata yalitoka hapo. Jayanti akainua mabega, akasema, "Mimi nimekuambia mara moja. Mvua ya Kisii itakuambia mara ya pili." Halafu akanipa brashi, akaisifu kwamba ni ya nywele za nguruwe, inabeba rangi vizuri. Hapo nikasita kidogo (Msabato hagusi nguruwe, mnajua wenyewe), lakini nikajiambia brashi hailiwi, nikaiweka kwenye gunia.

Nilipaka mwenyewe, siku nne, maana fundi angeniuliza maswali. Brashi ilinyonyoka kama kuku lakini paa likatoka zuri, jekundu, mpaka ng'ombe wa jirani walisimama kulitazama. Mtu wa kwanza aliyepita akauliza, "Haya ndiyo yale ya kiwandani?" na kabla sijafikiri mdomo ukajibu, "Ndiyo yenyewe." Uongo huo ulifika Itumbe kabla mimi sijashuka ngazi.

Siku ya wageni ikafika, Jumapili. Asubuhi mke wangu alisimama uani akainua macho, akasema, "Baba Nyakundi, paa lina malengelenge."

"Ni jua," nikasema.

"Jua halijatoka."

Nikamwambia aende aangalie maziwa.

Wakaja sita. Mzee Makori, dada yake Bosibori aliyekuwa amevaa kitambaa cheupe cha kichwa, kipya kabisa, na jamaa wengine wanne. Tukawakalisha barazani tukawapa maziwa moto kwenye vikombe vyeupe (sisi Wasabato chai tunapanda, hatunywi). Mzee Makori akanywa kidogo, akainua macho juu.

"Korera," akaniita, maana wazazi wa pande mbili ndivyo tunavyoitana, "nasikia hili bati ni la kiwandani."

"La kiwandani kabisa. Limechomwa kwa moto."

"Na halibanduki?"

"Hata ulipige nyundo."

Nadhani mbinguni walisikia neno nyundo. Adhuhuri wingu lilikuwa limekaa juu ya kilima, na sasa likamwaga mvua ya mawe, ile yetu inayopiga majani ya chai mpaka yanabaki vijiti, na paa likaanza kulia. Halafu upepo ukaleta vipande vyekundu barazani, kwanza kimoja, halafu kumi, halafu kama maganda ya maharagwe siku ya kupura. Vikatua magotini kwa wageni. Vikatua juu ya kitambaa cha Bosibori mpaka akawa kama jogoo. Na hakuna aliyesema neno, kwa sababu kati ya wakwe kuna heshima, hamuonyeshani aibu wala hamchekani, kwa hiyo wote sita walitazama mbele kama watu wanaosikiliza mahubiri, na mimi badala ya kunyamaza nikafungua mdomo tena.

"Hiyo ni ngozi ya safari," nikasema. "Kiwanda huiweka ili bati lisikwaruzwe njiani. Lazima bati liivue."

"Aa," akasema Mzee Makori. "Basi tungoje limalize kuvua."

Tukangoja. Lilivua mpaka likawa na mabaka kama ndama. Mzee Makori akatazama kikombe chake, akaingiza vidole viwili taratibu, akatoa kipande chekundu, na ndani ya kipande kulikuwa na unywele mrefu mweusi umeganda. Akauinua kwenye mwanga.

"Korera, huko kiwandani wanapaka kwa brashi?"

Nikamwona Nyakundi mlangoni, uso umekuwa wa majivu, sinia mkononi.

"Ni unywele wa nini huu?" Bosibori akauliza.

Hapo nikajua kwamba nikisema uongo mwingine mtoto wangu hataoa. Nikasimama, nikasema yote, Jayanti, rangi ya chini niliyoikataa, siku nne juu ya ngazi, na mwisho kabisa, kwa sauti ndogo, nikamtaja nguruwe.

Mzee Makori aliweka kikombe chini, mbali naye. "Bati si kitu," akasema. "Lakini binti yangu akilia katika boma hili nami nikakuuliza kwa nini, utaniambia ni ngozi ya safari?"

"Sitakuambia hivyo, korera."

"Basi likwangue, wewe mwenyewe, si kijana wala fundi. Upake kama ulivyoambiwa. Tutarudi baada ya mvua hizi, nami nitalijaribu kwa ukucha."

Nilimwona Nyakundi akivuta pumzi. Walikuwa wamesema watarudi. Na walipofika barabarani, wakidhani hatuwasikii, Bosibori alianza kucheka akashikwa na kwikwi, na kaka yake akamfuata.

Mwezi mzima nilikuwa juu ya paa na brashi ya waya, Kebirigo nzima ikinitazama kutoka sokoni, wakinisalimu, "Habari ya kiwandani?" Nikapaka ya chini, nikapaka ya juu mara mbili. Mzee Makori akarudi, akapanda ngazi kwa viatu vyake vya kanisani, akakwaruza kwa ukucha sehemu tatu, akashuka, akasema, "Sasa tuzungumze ng'ombe." Moraa yuko jikoni mwangu mpaka leo, na kila mvua ya mawe ikipiga ananiuliza kama anifunikie kikombe.

Tangu hapo nikinunua rangi naanza na ile isiyoonekana, na nikiulizwa kitu kimetoka wapi nasema kilikotoka. Ile rangi ya chini niliyoikataa ilikuwa shilingi tisini na sita. Nayo niliinunua hatimaye, pamoja na nyekundu nyingine, brashi ya waya, brashi mpya ya nywele za farasi, kitambaa cha Bosibori, vikombe sita vipya badala ya vile ambavyo mke wangu alikataa kuviona tena kwa ajili ya nguruwe, na mbuzi wa kuwaomba radhi wakwe: jumla shilingi mia saba arobaini na tatu na senti sitini.