Ng'ombe Niliyemfuta Leo Asubuhi

Leo asubuhi nimefuta ng'ombe mzima kwa raba, mbele ya mashahidi.

Jana nilimchora ng'ombe wa Bi Zuhura, jirani yangu hapa Ndagoni, akiwa amefungwa kwenye mnazi. Nilimchora kama alivyo, mpaka kovu la kamba shingoni. Nikajisifu kwa sauti: "Huyu kabaki kupumua tu."

Mashaallah, ya kukinga kijicho, sikusema.

Leo ng'ombe kalala, hataki kuinuka. Na Bi Zuhura hana mwingine. Wajukuu wake wanakunywa maziwa ya huyo huyo. Akaniita na picha yangu, mbele ya majirani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mfute."

"Bibi, hii ni penseli tu."

"Basi itafutika. Anza na macho."

Mimi mambo hayo siyaamini. Ila nilianza na macho.

Nikafuta pembe, nundu, miguu. Majirani wamesimama kama tuko mazikoni. Nilipofika mkiani, ng'ombe akainuka, akajitikisa, akaanza kula majani.

Hakuna aliyeshangilia. Wote waligeuka kunitazama mimi.

Nikasema labda alikuwa amevimbiwa.

Ndipo Mzee Faki, ambaye hajaacha kukohoa tangu Idi, akanisogelea na kuniuliza kwa upole:

"Mwanangu, ile picha uliyonichora mimi siku ya Idi, unayo?"

Nimemwambia iko nyumbani, nitaitafuta.

Iko Ulaya. Nilimpa mgeni mmoja aliyefikia hotelini Utende, akapanda nayo ndege.

Kesho asubuhi mzee anakuja, na raba yake mwenyewe.

Jamani, nimwambie nini?