Mafunjo niliyopanda mbele ya kibaraza cha baba mkwe

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Humu tumezoea nyuzi za siasa na mapenzi, leo nawaletea bustani. Nimeyaishi mwenyewe, Ipinda kule Kyela, miaka ile biashara zimefunguliwa na bidhaa zinamiminika kutoka mpakani. Anayetaka chumvi aongeze kwake.

Nilikuwa bibi harusi mpya.

Kwa wasiojua: kwetu Wanyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Hamsalimiani, hamzungumzi, hata jina lake hulitamki. Ukimwona njiani unakata kona. Si chuki wakuu, ni heshima, tena kubwa.

Sasa njia ya kisimani ilipita mbele ya kibaraza chake, na mzee alipenda kukaa pale kweli kweli! Basi mimi na ndoo yangu kichwani tunazunguka nyuma, kwenye migomba na tope.

Siku moja nikateleza, chali, na tumboni nina Tusa, mwanangu wa kwanza. Mtoto alisalimika. Nikaapa sipiti tena kule.

Kati ya kibaraza na ile njia palikuwa na majimaji yasiyokauka. Nikashuka bondeni, nikang'oa mashina ya mafunjo, yale marefu yenye vichwa vya nywele za kijani, nikayapanda kwa mstari. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: yakirefuka, mzee atakaa upande wake na mimi nitapita wangu.

Wakuu, nilichekwa! Kwetu mpunga ndio maisha, na chochote cha ukoo wa ndago ni gugu la kung'olewa. Mimi nalipanda mbele ya nyumba, tena nalitilia samadi.

Baba mkwe naye alikasirika. Ujumbe ukaja kwa mdomo wa mama mkwe.

"Mwanangu, baba anasema mizizi ya hilo gugu itashuka kwenye mpunga wake. Liondoke kabla ya mvua."

"Mama, mwambie mizizi nitaizuia."

"Utaizuiaje?"



Jibu nililikuta Lyulilo, sokoni kwenye vyungu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa kando ya ziwa. Ndoo za plastiki zilishaingia, vyungu vikubwa vya pombe vimedoda. Vile vilivyobanduka midomo akinamama wakaniachia kwa mikungu ya ndizi. Nikavifukia hadi shingoni pale kwenye majimaji, nikajaza tope na samadi, nikahamishia mafunjo humo. Mzizi utoroke upitie wapi?

(Mnaotaka kujaribu: chungu kisitobolewe, maji yasikauke, bua likigeuka kahawia kata chini kabisa, na shina likijaza chungu ligawe. Hamna siri nyingine. Hawa jamaa wa landscaping wanawauzia maneno.)

Mvua zikaanza. Kila asubuhi namchungulia baba mkwe kwa dirisha la jikoni, ameinama, anapekua kingo za mpunga kutafuta chipukizi. Moja tu lingetosha bustani yangu ing'olewe, nirudi topeni. Roho juu!

Hakupata kitu. Mpunga ukavunwa safi, na mafunjo yangu yakanipita kichwa. Wapita njia wakawa wanasimama kuangalia. Nilivimba, sifichi.

Asubuhi moja narudi kisimani, Tusa mgongoni, ndoo kichwani. Nikasikia mzee anakohoa upande wa pili. Nikasimama. Kwa upenyo wa mabua nikaona mgongo wake, amegeukia nyumba makusudi ili asinione.

Akaanza kuzungumza na mimea.

"Nyie mafunjo, niliwatukana bure. Mmekua vizuri. Aliyewapanda ana mikono. Ndaga fijo."

Yaani asante sana, kwa Kinyakyusa.

Machozi yakanitoka. Kujibu siruhusiwi. Nikashusha ndoo, nikamimina maji kwenye chungu cha kwanza, taratibu ili ayasikie. Nikaenda cha pili, nikaenda cha tatu, mpaka ndoo ikabaki tupu. Nikamsikia anacheka kidogo.

Nikarudi kisimani kuteka mengine.

Nilichojifunza, wakuu: si lazima heshima ikupitishe kwenye tope. Mila yake sikuivunja, na njia yangu nikaipata. Siku hizi wenye gesti za kule Matema wanatuma watu kuja kuchukua mashina kwangu, na ninawagawia kwa maringo yote.

Tupieni picha za mafunjo yenu. Na ninyi mlioolewa kwenye mila kama hii, kisimani mlikuwa mnapitia wapi?